Mambo 7 ya kuangalia kabla hujanunua betri ya gari, hasa kama unaingia porini

Betri ya gari haifi ghafla kama wengi wanavyodhani. Inakufa taratibu, kwa miezi, bila dereva kujua. Halafu asubuhi moja ukipiga stata unasikia "tik-tik-tik", taa za dashibodi zinafifia, na gari haliwaki.

Mjini huo ni usumbufu tu. Utaomba jirani akubusti, au utampigia fundi simu. Lakini ndani ya Hifadhi ya Serengeti, ambako hairuhusiwi kushuka kwenye gari hovyo na kuna maeneo simu haishiki mtandao, betri mbovu ni suala la usalama.

Tatizo ni kwamba wengi wananunua betri kwa kuangalia vitu viwili tu: jina na bei. Vyote viwili vinaweza kukudanganya. Betri nzuri ni ile inayolingana na gari lako, ambayo haijakaa dukani muda mrefu, na inayofungwa kwenye gari ambalo mfumo wake wa chaji ni mzima. Haya ndiyo mambo 7 ya kuangalia.

1. Je, betri ndiyo mbovu kweli?

Kabla hujatoa hela, mwambie fundi umeme apime mfumo wa chaji. Kazi hiyo ni ya dakika tano na inahitaji mita ya kupimia volti tu.

Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri ya volti 12 iliyojaa inasoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.2, imebaki na nusu hivi ya chaji. Ikiwa chini ya 12, imeisha.

Sasa washa gari. Kwa magari mengi, mita inatakiwa ipande hadi kati ya 13.8 na 14.7. Isipopanda, altaneta haichaji vizuri, au mkanda wake unateleza, au waya umeoza. Ikipita 15, altaneta inachaji kupita kiasi na inaichemsha betri.

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Mtu anafunga betri mpya, baada ya miezi mitatu imekufa, anasema "betri za siku hizi feki". Kumbe altaneta ndiyo inayoua kila betri anayoweka.

Angalia pia vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme kupita. Wakati mwingine kusafisha na kukaza nati kunatosha, na gari linawaka.

2. Adui mkubwa ni joto

Watu wa Ulaya wanaogopa betri kufa wakati wa baridi. Kwetu mambo ni tofauti. Dar es Salaam, Mombasa au Dodoma, kinachoua betri ni joto.

Betri ya kawaida ina pleti za madini ya risasi zilizozama kwenye mchanganyiko wa asidi na maji. Joto likipanda, maji yanapungua na pleti zinaliwa haraka. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: kila joto la betri linapoongezeka kwa nyuzi 10 juu ya 25, maisha yake yanapungua kwa karibu nusu. Na chini ya boneti, kwenye foleni ya mchana, joto ni kali kuliko la nje.

Ndiyo maana namba kubwa ya CCA isikubabaishe. Namba hiyo inaonyesha uwezo wa betri kuwasha injini kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Hakuna anayewasha gari kwenye baridi hiyo Tanga au Morogoro. CCA isiwe chini ya ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, basi. Kulipa zaidi ili upate kubwa zaidi si lazima.

Injini ya dizeli ni habari nyingine kidogo. Inabana hewa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo stata yake inahitaji umeme mwingi kuliko ya petroli ya ukubwa huohuo. Usiweke betri ya gari dogo la petroli kwenye dizeli eti "itasukuma tu".

3. Tarehe ya kutengenezwa

Hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi, na ndilo lenye faida kubwa kwa mnunuzi.

Betri haipumziki ikiwa dukani. Inapoteza chaji yenyewe polepole, na kwenye joto inapoteza haraka. Ikikaa muda mrefu bila kuchajiwa, chumvi inaganda juu ya pleti na uwezo wake unashuka. Inaweza kuwa haijawahi kufungwa kwenye gari, lakini tayari ni mzee.

Tafuta tarehe kwenye stika au iliyogongwa kwenye plastiki. Baadhi ya kampuni zinatumia herufi kwa mwezi, A ikiwa Januari, na namba kwa mwaka. Kama huielewi, muulize muuzaji akusomee. Akishindwa kukuonyesha tarehe, nenda duka la jirani.

Chagua iliyo chini ya miezi sita. Kisha mwambie aipime mbele yako. Betri mpya inayosoma chini ya volti 12.4 ikiwa dukani, iache hapohapo.

Kuwa makini pia na betri za zamani zilizosafishwa, kupigwa rangi na kubandikwa stika mpya. Angalia vichwa: vikiwa na mikwaruzo ya kufungwa na kufunguliwa, ujue imeshatumika.

4. Saizi: zile herufi zina maana

Dukani utasikia N50, N70, NS40, NS70. Hayo ni majina ya zamani ya saizi za Kijapani, na bado yanatumika sana kwa sababu magari mengi ya hapa yanatoka Japani.

Kwenye betri nyingi utakuta pia maandishi kama 80D26L. Yasome hivi: 80 ni kiwango cha uwezo, D ni kundi la upana na kimo, 26 ni urefu kwa sentimita, na L inaonyesha upande wa vichwa. Kuna L na kuna R. Ukichukua ya upande usio sahihi, waya hazifiki, au fundi anazivuta kwa nguvu na siku moja zinagusana.

Herufi Ah nazo zinaonyesha kiasi cha umeme kinachohifadhiwa. Betri ya Ah 70 inaweza kutoa ampea 3.5 kwa saa 20. Kuongeza Ah kidogo si kosa, mradi betri ikae vizuri kwenye kitako chake. Ikichezacheza, au kichwa chake kikakaribia boneti, hiyo ni hatari ya moto.

Jambo moja zaidi kwa wenye Land Cruiser za dizeli za zamani na malori: baadhi yanatumia mfumo wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfuatano. Hizo badilisha zote mbili kwa pamoja, za aina moja na umri mmoja. Ukibadilisha moja, ile ya zamani itaiburuza mpya.

5. Aina: ya maji, ya kufungwa au AGM?

Betri ya maji ina vifuniko juu. Bei yake ni nafuu na inavumilia joto, lakini lazima uikague kila mwezi. Maji yakipungua, ongeza maji maalumu ya betri. Usiweke ya bomba, na usiongeze asidi.

Betri ya kufungwa, ile ya "maintenance free", haiongezwi kitu. Inamfaa mtu anayejijua kwamba hafungui boneti hadi gari ligome. Ila altaneta ikizidisha chaji, maji yakiisha huwezi kuyarudisha.

AGM ina mkeka wa nyuzi za kioo unaofyonza asidi, kwa hiyo haimwagiki kirahisi na inastahimili mtikisiko. Bei yake ni kubwa, na haipendi kuchajiwa kupita kiasi wala kukaa karibu na injini yenye joto kali.

Kwa magari mawili yafuatayo, usibahatishe:

Kwanza, magari yanayojizima yenyewe kwenye foleni na kuwaka tena, kama baadhi ya Mazda Demio. Betri zake zina alama kama M-42, N-55 au Q-85 na zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Usichanganye N-55 na ile N50 ya zamani, ni vitu viwili tofauti. Ukiweka betri ya kawaida, inachoka mapema.

Pili, magari ya haibridi kama Toyota Prius na Aqua. Kwa matoleo mengi, betri yake ndogo ya volti 12 inakaa nyuma, ndani ya gari, na ina bomba la kutolea gesi nje. Ukiweka ya kawaida isiyo na bomba hilo, gesi inayoweza kulipuka inabaki na abiria.

6. Kama gari linaingia porini

Barabara yenye mawimbi ya vumbi kama ile ya kutoka Ngorongoro kwenda Serengeti inatikisa gari kwa saa nyingi mfululizo. Mtikisiko huo unapukutisha unga wa kwenye pleti na kuvunja viungo vya ndani. Betri inaweza kusoma volti nzuri asubuhi, jioni ikafa kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria betri ya gharama, angalia bamba linaloishikilia. Ishike kwa mikono miwili uisukume. Ikisogea, kaza. Kufunga betri kwa mpira wa tairi au kamba ni kuitafutia kifo.

Halafu kuna matumizi ya umeme gari likiwa limesimama: friji ya vinywaji, redio ya mawasiliano, chaji za kamera za watalii. Tuchukue friji inayovuta ampea 4 ikiwa inafanya kazi. Ikinguruma kwa jumla ya saa 10, imekula Ah 40. Ukiwa na betri moja ya Ah 70, zaidi ya nusu imekwenda, na asubuhi stata inaweza kugoma.

Dawa yake ni betri mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza ni ya kuwashia injini tu. Ya pili, iliyotengenezwa kuvumilia kutumika hadi chini na kuchajiwa tena, ni ya friji na vifaa vingine. Katikati kunafungwa kifaa kinachozitenganisha injini ikizimwa, ili friji isiguse ile ya stata. Kifaa hicho ndicho kinachokurudisha kambini.

Betri ya stata ikitumika kama ya friji inaharibika haraka, hata iwe ya kampuni gani. Pleti zake ni nyembamba kwa sababu kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, siyo kidogokidogo usiku kucha.

7. Waranti, risiti na betri ya zamani

Waranti bila risiti ni maneno. Omba risiti yenye tarehe, na kadi ya waranti iandikwe namba ya betri. Uliza mapema: ikifa baada ya miezi mitano, inabadilishwa au inachajiwa tu na kurudishwa? Muuzaji mwaminifu anajibu bila kukwepa.

Betri ya zamani usiiache uani wala kuiuza kwa mtu anayeipasua mtaani. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hilo vizuri. Kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri chakavu karibu na nyumba zao kiliwaachia sumu hiyo kwenye damu. Phyllis Omido, mama ambaye mtoto wake naye aliathirika, aliongoza mapambano na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliagiza wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ya Kenya ikaunga mkono fidia hiyo Desemba 2024.

Maduka mengi yanapokea betri ya zamani na kukupunguzia bei ya mpya. Kubali, lakini uliza inapelekwa wapi.

Ukishaifunga

Siku ya kufunga, mwambie fundi apime tena volti gari likiwa linawaka. Andika tarehe kwenye betri kwa kalamu isiyofutika. Kama gari linalala wiki nzima bila kutembea, chomoa waya wa hasi, maana alamu na kifaa cha kufuatilia gari vinakula umeme usiku na mchana. Ila kwa gari lenye redio au alamu inayodai namba ya siri, hakikisha unayo kwanza.

Na kama safari ni ya porini, pima betri wiki moja kabla, siyo asubuhi ya kuondoka. Betri ya miaka mitatu inayosuasua Arusha mjini haitapona ikifika Seronera.