Kufuli tatu za chama, laptopu moja ya katibu

Vyama vya kuweka na kukopa vya mitaani, kuanzia Matisi pembezoni mwa Kitale hadi vijiji vya Bungoma, vina desturi moja inayostahili heshima. Pesa hulala kwenye kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu wanaokaa nyumba tofauti, na kisanduku chenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Hakuna anayeona kwamba ametukanwa kwa utaratibu huo. Mweka hazina anaweza kuwa mtu mwaminifu kuliko wote, lakini hatakiwi kuapa kila Jumapili ili aaminiwe, kwa sababu chuma na kufuli vimeshamwondolea mzigo huo.

Lakini uliza orodha ya waliokopa iko wapi. Siku hizi iko kwenye simu ya katibu, au kwenye laptopu ya kijana wake anayesoma chuo, au ilitumwa kwenye kikundi cha WhatsApp ikazama chini ya salamu za asubuhi. Pesa zimelindwa na watu wanne. Habari za pesa hizo zimeachiwa kifaa kimoja kinachoweza kuibwa stendi, kulowa mvua au kuuzwa siku shida inapobisha hodi. Kikipotea, nani alikopa ngapi linakuwa suala la kubishana, na chama kinaweza kuvunjika kisanduku kikiwa bado kimefungwa.

Matisi ni wadi katika eneobunge la Saboti, kaunti ya Trans Nzoia, na huko karatasi si jambo dogo. Ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu hadi uhuru. Baadaye mashamba makubwa yalinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, yakakatwa, yakauzwa, yakakatwa tena. Hadi leo zipo familia zisizo na hatimiliki. Walicho nacho ni mkataba wa mauziano uliotiwa saini mbele ya mzee wa mtaa, risiti kuukuu ya ushirika na mchoro wa mpimaji. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipowafukuza watu kutoka makwao, wengi waliondoka na watoto na blanketi. Karatasi zilibaki ndani, na nyumba nyingine ziliteketea. Kumwondoa mtu aliyepoteza mkataba wake ni rahisi kuliko kumwondoa aliye nao, hata kama majirani wote wanajua alilima wapi.

Tangu hapo tumejifunza kuskani. Mtu hupeleka mkataba, kitambulisho na cheti cha kuzaliwa kwenye saiba, nakala zikatengenezwa, akalipa akaondoka. Nakala hubaki kwenye kompyuta ya saiba, ambako mteja anayefuata anaweza kuzifungua akitafuta fomu yake ya KRA. Nyingine huenda kwenye flashi isiyo na nenosiri inayoning'inia kwenye funguo za nyumba. Tumeikimbia hatari ya moto tukaingia kwenye hatari ya macho ya watu.

Wenye intaneti nzuri husema jibu ni wingu: weka kila kitu kwa kampuni kubwa ya Marekani, utakipata popote. Sipuuzi jibu hilo, na kwa mamilioni ya watu limefaa. Lakini lina masharti matatu ambayo watu wa Matisi wanayajua kwa uzoefu. Kwanza, akaunti hufungwa kwa namba ya simu, na laini ikipotea au ikisajiliwa upya kwa mtu mwingine, mlango unaweza kufungwa usifunguke tena. Pili, kwa huduma nyingi za kawaida, mwenye seva ndiye mwenye ufunguo pia, kwa hiyo faili lako ni siri kadiri yeye anavyotaka liwe siri. Tatu, wingu liko mbali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa kusini, na Kenya, Uganda, Tanzania na majirani wakabaki wakitambaa. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Juni, siku ya maandamano makubwa dhidi ya Mswada wa Fedha, intaneti ilidorora nchini. Chama kilichohitaji daftari lake siku hizo kilisubiri, ingawa wanachama wake wote walikuwa ndani ya mtaa mmoja.

Ndiyo sababu nimevutiwa na programu huria iitwayo Tahoe-LAFS, ambayo si ngeni, lakini matoleo yake ya karibuni yameifanya istahili kuangaliwa upya na watu wa magharibi mwa Kenya. Ilianza kuandikwa katikati ya muongo wa 2000 ndani ya kampuni ya Allmydata ya Marekani, iliyokuwa ikiuza huduma ya kuhifadhi nakala. Waanzilishi wake, Zooko Wilcox-O'Hearn na Brian Warner, waliieleza kwa kina katika andiko la kitaalamu la 2008. Kampuni ilifungwa. Programu haikufa nayo, kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi, na watu wa kujitolea waliendelea kuitunza. Hilo pekee linanifanya niiamini kuliko huduma nyingi zenye matangazo mazuri.

Wazo lake ni kwamba kila mhusika apewe mamlaka kidogo kabisa yanayomtosha kufanya kazi yake, wala yasizidi. Faili lako husimbwa, yaani hugeuzwa lisisomeke bila ufunguo, kwenye kompyuta yako mwenyewe kabla halijatoka nje. Halafu hugawanywa kwa hesabu za jamii ileile iliyobuniwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960, zile zinazoiwezesha CD yenye mikwaruzo kuendelea kuimba. Kwa mpangilio wa kawaida vinatoka vipande 10, na vipande vyovyote 3 vinatosha kulirudisha faili zima. Kila kipande hutumwa kwenye seva tofauti, na programu hukataa kusema kazi imekamilika mpaka vipande vitue kwenye seva zisizopungua 7.

Hapa ndipo inapoishinda kufuli ya chama. Kisanduku chenye kufuli tatu kinahitaji funguo zote tatu. Mama mmoja akienda matanga Kakamega, mkutano umeahirishwa. Kwa Tahoe, seva 7 kati ya 10 zinaweza kuzimika, kuibwa au kuungua, na daftari bado litafunguka. Tena, washika vipande watatu wakila njama wakaviunganisha, watapata faili lililosimbwa ambalo hawawezi kulisoma, kwa maana ufunguo haumo ndani ya vipande. Na anayebadilisha tarakimu kwenye kipande chake atagunduliwa, kwa kuwa kila kipande kina alama ya hesabu inayokaguliwa wakati wa kusomwa. Anayetunza anatunza tu. Hahitaji kuwa malaika.

Ufunguo wenyewe ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, na huja kwa ngazi. Upo unaoruhusu kuandika, ambao katibu hubaki nao. Kutokana na huo hutengenezwa wa kusoma tu, ambao wanachama wote wanaweza kupewa. Chini yake kuna wa tatu unaomruhusu mtu kukagua kama vipande bado ni vizima bila kuona hata neno moja la ndani. Fikiria mkaguzi anayeweza kuthibitisha kwamba rekodi zako zipo na hazijaguswa, asijue una deni la nani. Sijaona ofisi ya serikali inayoweza kuniahidi hilo.

Sasa kuhusu matoleo mapya. La 1.19 lilitoka Januari 2024, na la 1.20 likafuata mwishoni mwa mwaka huohuo. Sehemu kubwa ya kazi ya miaka hii imekuwa ya chini kwa chini, aina ya kazi isiyoshangiliwa. Msimbo wote ulihamishwa kutoka Python 2, lugha iliyoacha kuhudumiwa mwaka 2020, kwenda Python 3. Kisha mazungumzo kati ya kompyuta na seva, yaliyokuwa yakitumia itifaki ya kipekee iitwayo Foolscap, yakaanza kuhamishiwa kwenye itifaki mpya waliyoibatiza Great Black Swamp, inayopita juu ya HTTPS, njia ileile inayotumiwa na kurasa za benki. Kwa fundi wa Kitale maana yake ni kwamba zana anazozijua tayari zinafanya kazi, na mtu anayetaka kuandika programu ya simu ya kuzungumza na seva hizo hahitaji tena kujifunza lugha ambayo haijulikani kwingine.

Kuna kikwazo kimoja kinachotuhusu sana. Intaneti ya simu, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo kompyuta iliyoko nyumbani Matisi haiwezi kufikiwa kutoka nje kirahisi. Tangu toleo la 1.12 la Desemba 2016, Tahoe inaweza kupitisha mawasiliano yake kwenye mtandao wa Tor, na njia hiyo huvuka ukuta huo. Itakuwa polepole. Kwa daftari la chama, polepole inatosha.

Tupige hesabu ya kweli, kwa kuwa hapa ndipo mambo mengi mazuri hufia. Daftari la mwaka lililoskaniwa, tuseme lina megabaiti 30. Kila kipande kitakuwa megabaiti 10, na vipande 10 vitakula 100 kwa jumla. Kwa hiyo unalipa nafasi mara tatu na zaidi ya ukubwa wa faili. Vyama 300 vya aina hiyo vingehitaji gigabaiti 30, yaani 3 tu kwa kila seva, kiasi ambacho laptopu iliyotupwa kabatini inabeba bila kulalamika. Kinachouma ni bando, kwani katibu angelazimika kupandisha megabaiti 100 kwa faili la 30. Watengenezaji walilifikiria hilo. Kunaweza kuwekwa kompyuta msaidizi mahali penye intaneti ya waya. Katibu anaipelekea faili lililokwisha kusimbwa mara moja tu, nayo ndiyo inayokata vipande na kuvisambaza. Msaidizi huyo naye hawezi kusoma.

Na mahali pa kuiweka papo. Kitale kuna Kitale National Polytechnic. Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015 na kinachofundisha kompyuta. Kakamega kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Ongeza sacco tano, shule ya Kiminini, ofisi ya kanisa Webuye, na seva 10 zimetimia katika kaunti tatu ambazo watu wake huoana, huzikana na kukopeshana kila siku. Ni muhimu ziwe mbalimbali kweli. Seva 10 ndani ya chumba kimoja cha polytechnic ni sawa na funguo tatu kwenye mfuko mmoja. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi, kwa hiyo angalau 3 kati ya hizo zingepaswa kutegemea sola.

Sheria nayo inaelekea upande huu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 anapogundua zimevuja na watu wanaweza kudhurika. Kifungu cha 43 kinamwondolea wajibu wa kumjulisha kila mhusika pale alipokuwa ameweka kinga ya kutosha, ikiwemo kusimba taarifa zenyewe. Sacco ya Kitale ikiibiwa laptopu yenye kipande cha faili lililosimbwa, hadithi yake mbele ya Kamishna ni nyepesi mno kuliko ya sacco iliyoibiwa orodha nzima ya wanachama na namba zao za vitambulisho.

Lakini nisimdanganye mtu. Simshauri mama anayeuza mboga aisakinishe programu hii peke yake. Haina nenosiri la kurejeshewa kwa ujumbe wa simu. Ufunguo ukipotea, faili limepotea, na hakuna afisa wa kumpigia, hakuna dawati la kulilia. Kwa hiyo ufunguo wa chama lazima uchapishwe, ukunjwe, uwekwe kwenye kisanduku kilekile cha kufuli tatu, na nakala ya pili ihifadhiwe kwingine. Hii ni kazi ya kikundi, inayohitaji vijana waliosoma na wazee wanaoaminika wakae meza moja.

Inahitaji pia mtunzaji. Seva huzimwa zikasahaulika, diski huzeeka, mwanachuo aliyeisimamia huhitimu akaenda Nairobi. Vipande 10 vinakuwa 8, kisha 5, na programu haitapiga kelele yenyewe. Ipo amri ya kukagua faili zote na kuzaa upya vipande vilivyopotea, na inafaa kuendeshwa angalau mara moja kwa mwezi na mtu anayejulikana kwa jina, aliyeandikwa kwenye katiba ya chama kama mweka hazina alivyoandikwa. Mtu huyo alipwe posho. Vyama mia vikichanga shilingi 50 kila kimoja kwa mwezi, hiyo ni 5,000, na kwa kijana wa Matisi aliyemaliza diploma ya kompyuta ni mwanzo wa kazi halali inayofanyika akiwa nyumbani kwao.