Katuni za magazeti ya zamani ziko wapi? Jarida hili linazirudisha tangu 1984

Gazeti la leo, kesho linafungia maandazi. Kila mtu anajua hilo. Sasa jiulize: katuni iliyotoka kwenye gazeti miaka 80 iliyopita, leo utaisomea wapi?

Huko Marekani, jibu mojawapo ni jarida dogo linaloitwa Comics Revue. Linatolewa na Manuscript Press ya Rick Norwood, mtu ambaye pia alikuwa akifundisha hisabati chuo kikuu huko Tennessee. Mhariri wake wa mwanzo, mwaka 1984, alikuwa Don Markstein.

Ndani huna haja ya kutafuta hadithi mpya. Ni za zamani zilizochapishwa upya: Tarzan, Flash Gordon, Modesty Blaise, The Phantom, Mandrake, Krazy Kat.

Jarida limeshapita toleo la 400. Kwa hesabu hiyo limeipita Cerebus ya Dave Sim wa Canada, iliyofunga kazi mwaka 2004 ikiwa na matoleo 300, na linatajwa kuwa jarida huru la katuni lililotoa matoleo mengi zaidi. (Ukitaka kuwa mkali, siku hizi linatoka kila baada ya miezi miwili na kila nakala inahesabiwa namba mbili. Mwanahisabati huyo!)

Kwa nini ilibidi mtu azikusanye?

Hizi hazikuwa katuni za kucheka mara moja na kufunua ukurasa. Nyingi zilikuwa hadithi za mwendelezo, kama tamthilia ya kwenye TV. Jumatatu hadi Jumamosi unapewa picha tatu au nne, nyeusi na nyeupe. Jumapili unapewa kubwa ya rangi. Kisa kimoja kinaweza kuchukua miezi mitatu, na ukikosa gazeti la Alhamisi, imekula kwako.

Zilichapwa kwenye karatasi ya bei rahisi inayogeuka njano na kukatika ukiikunja. Maktaba nazo zilichoka kutunza marundo. Zikapiga magazeti picha kwenye maikrofilamu, kisha karatasi zenyewe zikauzwa au kutupwa. Tatizo ni kwamba maikrofilamu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Zile rangi za Jumapili zikaishia hapo.

Aliyeshtuka mapema ni Bill Blackbeard wa San Francisco. Alitaka kuchukua magazeti yanayotupwa, lakini maktaba hazikuwa tayari kumpa mtu binafsi. Basi mwaka 1968 akaanzisha taasisi isiyo ya faida, San Francisco Academy of Comic Art. Ofisi yake ni wapi? Nyumbani kwake. Akayajaza magazeti vyumbani na kwenye gereji, akawa anakata katuni moja moja na kuzipanga kwa tarehe.

Mwaka 1998 mzigo huo ulihamishiwa Chuo Kikuu cha Ohio State. Ulikuwa tani 75, malori makubwa sita. Wachapishaji wengi wanaotoa vitabu vya katuni za kale wamechota kwenye kazi yake.

Kuzisoma leo kukoje?

Cha kwanza utakachogundua ni marudio. Picha ya kwanza ya kila siku inakukumbusha ya jana, maana mchoraji alijua kuna waliokosa gazeti. Ukisoma wiki tatu kwa dakika kumi, unaona kabisa ufundi huo, na wakati mwingine unakera.

Cha pili kinatuhusu zaidi. The Phantom, iliyoanza 1936, inatokea Bangalla, nchi ya kubuni ambayo hadithi za baadaye zinaiweka Afrika, na mlinzi wake ni Mzungu aliyevaa barakoa. Tarzan unamjua, na mwandishi wake, Edgar Rice Burroughs, hakuwahi kukanyaga bara hili. Kwenye Mandrake ya 1934 yumo Lothar, mwana wa mfalme wa Kiafrika, lakini anavalishwa ngozi ya chui na kuongea Kiingereza cha kuvunjikavunjika. Ilibidi aje mchoraji mwingine, Fred Fredericks, mwaka 1965, ndipo Lothar akapewa nguo za kawaida na sentensi zilizonyooka.

Kuna watakaosema michoro hiyo ya mwanzo ingeachwa ioze. Mimi naona heri iwepo na tarehe yake. Bila picha za 1934, mabadiliko ya 1965 hayana maana yoyote, na yeyote anaweza kukuambia kwamba mambo hayakuwa mabaya hivyo.

Kuna kazi nyingine ambayo huenda huioni: ruhusa. Wahusika wengi wa aina hii wana wenyewe, makampuni kama King Features yaliyokuwa yakisambaza katuni moja kwa mamia ya magazeti. Halafu lazima upate nakala safi. Hadithi ya siku 90 ikikosa siku mbili, msomaji atakuuliza.

Na sisi je? Juha Kalulu wa Edward Gitau alichekesha wasomaji wa Taifa Leo nchini Kenya kwa miongo kadhaa. Naye alikuwa kwenye karatasi ileile inayogeuka njano. Kama babu au shangazi yako alikuwa na tabia ya kukata katuni na kuzibandika kwenye daftari, mpigie simu leo umuulize daftari liko wapi, kabla halijafika kwa muuza maandazi.