Jirani Zetu: Mgeni Aingiapo Uhabeshi

Mwanafunzi wa Kenya atazamapo ramani huona kuwa Ethiopia, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la Uhabeshi, imepakana nasi upande wa kaskazini, na mji wa Moyale umekatwa na mpaka, nusu huku na nusu kule. Basi hudhani ya kuwa akiisha kuvuka atakuta mambo yale yale, ila lugha tu. Kwanza atashangazwa na magari: tangu mwaka 1964 huko hupita upande wa kulia wa barabara, nasi twapita kushoto. Walakini hilo ni dogo.

Kubwa ni saa. Tuseme mgeni amenunua tikiti ya basi la kwenda Addis Ababa, akaona imeandikwa saa 11. Kwa kuwa amesoma, na saa yake ya mkononi huhesabu Kizungu, afikiri basi litaondoka karibu na adhuhuri. Alala usingizi mwema, anywa chai yake, kisha aenda kituoni na mzigo. Basi limekwenda zake tangu alfajiri, na nauli imepotea. Kumbe Wahabeshi huhesabu saa kama sisi Waswahili, hesabu ikianza jua linapochomoza, na saa 11 ile ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Bibi yake asiyejua neno la Kiingereza asingalilikosa basi lile! Tikiti za ndege, lakini, hufuata saa ya Kizungu, kwa hiyo ni lazima kuuliza.

Tarehe nazo zataka uangalifu. Mwaka wao una miezi 13: kumi na miwili ya siku 30 kila mmoja, na wa mwisho, uitwao Pagume, wenye siku 5, au 6 katika mwaka mrefu. Mwaka mpya huingia kwa kawaida tarehe 11 Septemba, na hesabu yao ya miaka iko nyuma ya yetu kwa miaka 7 au 8. Ndiyo maana waliusherehekea mwaka wao wa 2000 mwezi wa Septemba 2007, sisi tukiwa tumekwisha kuusahau wetu.

Usichukue mashati mepesi peke yake. Addis Ababa iko juu zaidi ya mita 2,300, na Julai na Agosti ni miezi ya mvua na baridi.

Chakula chao ni injera, mkate mpana kama chapati, laini, wenye uchachu, utokanao na nafaka ndogo sana iitwayo tefu. Watu hula pamoja katika sinia moja, na mwenyeji aweza kukutilia tonge kinywani kwa mkono wake. Usirudi nyuma, ni heshima. Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Kanisa la Orthodox hufunga nyama, maziwa na mayai, hivyo mgeni mwenye hamu ya nyama aweza kuletewa dengu.

Kahawa nayo si ya kunywa mbiombio. Mama wa nyumba huikaanga mbele ya wageni, akaitwanga, akaichemsha katika jebena, yaani birika la udongo, kisha huimimina mara tatu. Mgeni akiondoka baada ya kikombe cha kwanza, mwenyeji atadhani amemchukiza. Cha tatu ni chepesi kuliko vyote, na jina lake ni baraka.