Treni Ikianguka, Nani Aulizwe?

Asubuhi ya tarehe 24 Juni, 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam kuja bara ilikuwa inapanda mlima katika Mkoa wa Dodoma. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,200. Ilikuwa imeiacha stesheni ya Msagali na inakaribia stesheni ya Igandu. Hapo breki zikashindwa kuishika. Treni ikaanza kurudi nyuma. Iliteremka kilometa nyingi, mwendo ukiongezeka, mpaka ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa ikija nyuma yake kwenye reli ile ile. Watu 281 walikufa. Mamia waliumia. Baadhi ya maiti hazikutambuliwa na ndugu zao, zikazikwa huko huko Dodoma.

Reli ile ndiyo inayokuja kwetu. Ikifika Tabora inagawanyika. Tawi moja linakwenda Kigoma. Tawi jingine linapita Isaka, Shinyanga na Malampaka mpaka Mwanza, ambako lilifika mwaka 1928. Mkoa wa Geita hauna reli, lakini watu wa Geita wanaotaka kusafiri kwa treni hupandia Mwanza au Isaka. Kwa hiyo habari ya Igandu si habari ya watu wa mbali. Na ajali hazikuishia hapo. Mwezi Juni, 2022, treni iliyotoka Kigoma ilipata ajali Malolo, mkoani Tabora. Watu 4 walikufa na zaidi ya 100 waliumia.

Kila ajali ikitokea, watu husema neno moja: dereva. Alilala. Alikunywa. Alikimbiza mno. Wakishapata mtu wa kumlaumu, maneno yanakwisha na kila mtu anarudi kwenye pamba yake. Mimi ni bwana shamba, si mtu wa reli. Lakini nimekaa miaka mingi katika vijiji vinavyopitiwa na reli, na nakuomba tulitazame jambo hili taratibu.

Tuanze na breki. Treni nyingi hutumia breki za hewa. Kichwa cha treni husukuma hewa katika bomba linalopita chini ya mabehewa yote. Bomba likijaa hewa, breki zinaachia magurudumu. Dereva akiipunguza hewa hiyo, breki zinakamata. Bomba la behewa moja huungwa na la behewa jingine kwa mpira, na penye kiungo pana bilula ya kufungia. Bilula moja ya katikati ikifungwa kwa makosa, mabehewa yaliyo nyuma yake hayapati tena amri ya dereva. Unajua plau la ng'ombe. Mnyororo ukikatika, ng'ombe wanakwenda mbele na plau linabaki shambani, hata umpigie kelele mswagaji namna gani.

Tena, hewa inayokamata breki huvuja kidogo kidogo. Treni ikisimama mlimani kwa muda mrefu, haifai kuitegemea hewa peke yake. Breki za mkono hufungwa, na magurudumu hutiwa kabari.

Sasa hesabu mikono. Yuko fundi wa karakana aliyeitengeneza breki. Yuko mkaguzi aliyesema treni iko tayari kwa safari. Wako dereva na gadi. Yuko stesheni masta anayeruhusu treni nyingine iingie njiani au isiingie. Juu yao yuko mkubwa anayeamua fedha za mwaka zinunue nini. Dereva hanunui vipuri. Dereva haamui kwamba mataruma yaliyochoka yakae mwaka mwingine, wala kwamba treni ivute mabehewa mengi kuliko kawaida kwa sababu abiria ni wengi.

Ndugu zetu wachimbaji wadogo wa Geita wanalielewa jambo hili kuliko sisi wakulima. Duara likiporomoka na kuua watu, hakuna anayemuuliza yule aliyekuwa chini na sururu tu. Huulizwa: Nani mwenye duara? Matimba yaliwekwa? Mkaguzi alikuja lini? Alisema nini, na nani hakumsikiliza? Maswali hayo hayo yaulizwe kwenye reli.

Sheria zipo. Shirika la Reli Tanzania, yaani TRC, linafanya kazi chini ya Sheria ya Reli ya mwaka 2017. Tena ipo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kazi yake mojawapo ni kusimamia usalama wa reli. Kwa hiyo mwenye treni hajikagui peke yake, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwa maoni yangu, mwenye madaraka makubwa aulizwe kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuzuia. Dereva akikosa aadhibiwe. Lakini dereva akifungwa na breki zikabaki vile vile, abiria wa kesho hajasaidiwa. Na tume ya uchunguzi ikimaliza kazi, taarifa yake isomwe kwa Kiswahili mahali ambapo mkulima aliyefiwa na mtoto wake ataisikia.

Umefurahi, msomaji, kuona wakubwa wanaulizwa? Ngoja kidogo. Sasa tuje kijijini kwetu.

Nani anayechota kokoto za reli kwenda kujengea msingi wa nyumba? Kokoto zile hazikumwagwa kwa mapambo. Ndizo zinazoyashika mataruma yasisogee, na ndizo zinazopitisha maji ya mvua ili udongo wa chini usilainike. Ukitoa karai moja leo na jirani yako karai moja kesho, reli inalegea mahali hapo. Nani anayefungua bolti na kuziuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu? Chuma kina soko, hasa kule machimboni. Lakini bolti ya reli ina kazi moja tu duniani, na mnunuzi anaijua anapoiona. Mimi nasema mnunuzi ana hatia sawasawa na mwizi. (Kengele za shule zetu nyingi ni vipande vya reli vilivyoning'inizwa mtini. Hivyo ni vyakavu vya zamani, wala simsemi mwalimu mkuu yeyote.)

Halafu mifugo. Eneo la hifadhi ya reli ni meta 15 kila upande mjini, na meta 30 nje ya mji. Si shamba wala si malisho. Najua kwamba wakati wa kiangazi majani ya kando ya reli ndiyo yanayobaki mabichi, na kijana wa kuchunga ana ng'ombe 40 wenye njaa. Lakini treni ya mizigo iliyoshiba inaweza kuhitaji kilometa nzima au zaidi ndipo isimame. Dereva akiwaona ng'ombe, mara nyingi amekwisha chelewa. Ng'ombe mkubwa akiingia chini ya magurudumu, anaweza kuyatoa kwenye reli. Basi hasara si ya mwenye ng'ombe peke yake. Serikali ya kijiji ndiyo ya kupanga njia ya mifugo na mahali pa kuvukia. Usimwachie mtoto wa miaka kumi aamue.

Lipo jambo jingine ambalo watu hawalihusishi na treni kabisa, nalo ni miti. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko yalibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za reli ya kati zikavurugika kwa miezi. Maji huja na udongo kutoka milima iliyonyolewa. Udongo unajaza kalvati, maji yanakosa njia, yanapanda, yanakula tuta. Juu unaona chuma kimelala vizuri, kumbe chini ni shimo.

Wana Shinyanga tuna sifa katika jambo hili. Nchi yetu ilifyekwa miti ili kuua mbung'o na kupata nafasi ya pamba, mpaka tukaambiwa tunaishi jangwani. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wazee walirudisha ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho wakati wa masika ili yatumike kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zikaota miti tena. Ngitili iliyo juu ya kalvati inayashika maji yasije kwa kishindo. Ikifyekwa kwa mkaa, mwenye shoka atajibu nini siku tuta likikatika? Hakuna hakimu atakayemwita. Ndiyo maana nataka kamati ya mazingira ya kijiji imwite mapema.

Kwa hiyo lawama ziko nyingi, lakini hazilingani. Mwizi wa bolti hawezi kulipwa fadhila kwa kuwa mkubwa naye alikosa. Na mkubwa asijifiche nyuma ya mwizi wa bolti, akatutangazia kwamba wananchi ndio waharibifu, wakati reli yake ina mwaka haijakaguliwa.

Tangu mwaka 2021 reli ya kisasa imekuwa ikijengwa kati ya Mwanza na Isaka, kilometa 341. Treni zake ni za umeme. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza kubeba abiria mwaka 2024, na zinaweza kukimbia kilometa 160 kwa saa. Treni ya namna hiyo hailii kama ile ya zamani. Mtoto aliyezoea kusikia muungurumo ndipo atoke relini, hatausikia kwa wakati. Wafundisheni watoto sasa, kabla haijafika.

Nimalize kwa jambo ambalo wengi hawalijui. Ukikuta reli imevunjika, bolti hazipo au tuta limeliwa na maji, usianze kwa kumtafuta mwenye kosa. Mtume mtu kwa baiskeli, pikipiki au simu amwarifu stesheni masta wa karibu na afisa mtendaji wa kijiji. Wewe na mwenzako mgawane: mmoja akimbie upande huu wa reli, mwingine upande ule, maana treni yaweza kutokea kokote. Nendeni mbali, kilometa moja na zaidi. Simameni kando ya reli, si katikati. Mkiiona treni, pungeni kitambaa chekundu kwa nguvu. Kama hamna chekundu, pungeni shati au khanga. Usiku pungeni tochi. Dereva wa treni amefundishwa kwamba kitu chochote kinachopungwa kwa nguvu kando ya njia maana yake ni hatari, simama.