Mboga za Pembezoni mwa Jiji

Mchicha uliong'olewa alfajiri huanza kunyauka kabla ya adhuhuri. Viazi vya Mbeya na vitunguu vya Singida husafiri kwa lori hadi Dar es Salaam bila kuharibika, lakini mboga za majani hazivumilii safari hiyo, hivyo jiji limelazimika kuzilima lenyewe. Utafiti wa katikati ya miaka ya 1990 ulikadiria kwamba karibu asilimia 90 ya mboga za majani zilizouzwa masokoni zilitoka kwenye bustani za nyumbani na maeneo ya wazi ya jijini. Tangu wakati huo jiji limejaa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, na kadiri nyumba zinavyobanana, ndivyo bustani zinavyosogea pembezoni: Bunju, Boko na Mabwepande upande wa Kinondoni, Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke.

Kilimo hiki si kigeni mjini. Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya 1974 na 1975 iliwahimiza hata watu wa mjini kulima kila penye nafasi. Maisha yalipokuwa magumu katika miaka ya 1980 na mishahara ikawa haifiki mwisho wa mwezi, wafanyakazi wengi wa ofisini walishika jembe wakirudi kutoka kazini. Mwaka 1992 serikali ilitunga kanuni za kilimo cha mjini zilizomruhusu mtu kulima hadi ekari tatu, na mwaka uliofuata Wizara ya Kilimo, ikishirikiana na shirika la GTZ la Ujerumani, ilianzisha mradi wa kuendeleza mboga mijini.

Tatizo la kwanza la mkulima wa pembezoni ni udongo. Sehemu kubwa ya ukanda huu ni mchanga wa pwani: maji hupita moja kwa moja na kuondoka na rutuba. Dawa yake ni samadi na mboji, na jiji linazo tele. Wafugaji wa kuku wapo karibu kila mtaa, na mabanda yao hutoa samadi iliyochanganyika na maranda. Samadi mbichi haifai kupelekwa kwenye tuta, kwani ina naitrojeni kali inayounguza mizizi. Hulundikwa kivulini, ikalowanishwa na kugeuzwa mara kwa mara kwa wiki kadhaa, hadi ipoe, iwe nyeusi na iache kunuka.

Mboji hutoka jikoni na sokoni: maganda ya ndizi, majani ya kabichi, nyanya zilizooza. Zaidi ya nusu ya taka za jiji ni za aina hii, na kuzizika dampo ni hasara mara mbili, maana hutoa gesi ya methani huku bustani zikikosa chakula. Manispaa ya Kinondoni imejenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ushirikiano na Hamburg, jiji la Ujerumani lenye udugu na Dar es Salaam tangu 2010. Mwenye ua mdogo hahitaji kiwanda. Shimo la kina cha goti lenye tabaka za maganda, majani makavu na udongo kidogo linamtosha.

Udongo ukiiva, mchicha ndio hutangulia. Tuta hupewa upana wa mita moja hivi ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu kabla ya kurushwa zisije zikarundikana mahali pamoja, kisha tuta hufunikwa kwa nyasi hadi zichipue. Humwagiliwa asubuhi na jioni kwa keni, na baada ya wiki tatu hadi nne huwa tayari. Mara nyingi mkulima hang'oi mwenyewe. Mama muuza mboga hununua tuta zima likiwa shambani, huja kung'oa kabla jua halijachomoza, huosha mizizi, hufunga mafungu na kuondoka nayo kwenye tenga. Utaratibu huu una akili sana. Mkulima hupata fedha yake bila kufika sokoni, na mama hung'oa kiasi anachojua atakimaliza siku hiyo. Matembele hayana haraka hiyo: hupandwa kwa vipande vya shina, na huchumwa miezi kadhaa.

Asiye na ardhi kabisa hutumia kiroba. Mtindo huu ulijulikana zaidi Afrika Mashariki baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya za 2008, shirika la Solidarités la Ufaransa lilipousambaza kwa kaya za Kibera, Nairobi. Kopo kubwa lisilo na kitako husimamishwa katikati ya kiroba na kujazwa kokoto, udongo wenye samadi hushindiliwa pembeni, kisha kopo huvutwa juu kidogo na kujazwa tena. Kiroba kikijaa, katikati hubaki nguzo ya kokoto inayopeleka maji hadi chini. Ubavuni hutobolewa matundu ya kupandikiza miche ya sukuma wiki au spinachi, na juu hupandwa nyanya au pilipili. Ndoo zilizopasuka na madumu yaliyokatwa hufanya kazi hiyohiyo, mradi yasiwe yamewahi kubeba dawa za sumu au oili chafu.

Maji ndiyo mtihani mkubwa. Maji ya bomba ni ghali kumwagia mboga, na visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Spinachi huivumilia kiasi; maharage hayaiwezi. Hatari zaidi ni maji ya mito inayopita viwandani na kwenye makazi. Tafiti za bonde la mto Msimbazi, jijini humo, zimekuta madini mazito kama risasi katika udongo na mboga. Kuosha kwa maji safi huondoa tope na kupunguza vijidudu, lakini madini yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayaoshwi. Maji ya mvua za masika na vuli yakikingwa kwenye simtanki, ni salama zaidi.

Bustani ya pamoja huanza na watu wachache na kiwanja kitupu. Kikundi kilichosajiliwa cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Ardhi ndiyo inayokwamisha wengi. Viwanja vingi hulimwa kwa hisani tu: mwenye kiwanja hupata mlinzi wa bure, na mlimaji hupata pa kulima hadi siku msingi utakapochimbwa. Havana, Cuba, ilipokosa chakula na mafuta katika miaka ya 1990, serikali iliwagawia wananchi viwanja vitupu walime. Dar es Salaam hata makubaliano ya maandishi mbele ya serikali ya mtaa yangesaidia sana. Kikundi chenye uhakika wa miaka miwili hadi mitatu huthubutu kuchimba kisima na kupanda mipapai. Kisicho nao hubaki na mchicha, unaovunwa kabla mwenye kiwanja hajaleta mafundi.