Vidonge vya Mama Mjamzito na Mzio wa Mtoto

Leo nawasalimu hasa akina mama na akina baba wa darasa la Igawa, hapo mto Mbarali unapokutana na barabara kuu iendayo Mbeya, maana swali la leo limetoka kwenu. Fungueni karatasi zenu, mfuate kwa kidole ninapozungumza. Anayejua kusoma zaidi amsaidie jirani yake.

Swali ni hili: Je, ni kweli kwamba vidonge anavyopewa mama mjamzito kliniki humfanya mtoto azaliwe na mzio? Aliyeuliza anasema kuwa dada yake, mwenye mimba ya miezi sita, amesikia maneno hayo akaacha kuvimeza. Basi tusilichukue kuwa ni swali la kupitisha wakati.

Tuanze na neno lenyewe. Wazee wetu walisema "mzio" kwa chakula kisichopatana na mtu: akila, kinamdhuru. Siku hizi wengi husema pia "aleji". Mwili wa binadamu una askari wake, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Pengine askari hao hukosea. Humwona mgeni asiye na ubaya, kama vile yai, karanga, maziwa ya ng'ombe au vumbi, wakamdhania kuwa ni adui. Wakianza vita, mtoto hutoka vipele, hupiga chafya, macho humwasha, au kifua hubana naye akapumua kwa mluzi. Ukurutu na pumu mara nyingi hufuatana na mambo haya.

Angalieni, mzio si mwiko. Mwiko wa kumkataza mama mjamzito asile mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele, hauna msingi wowote mwilini. Nadhani mwiko huo umewanyima mama zetu chakula kizuri kwa miaka mingi, huku mayai yakiliwa na watu wasio na mimba.

Sasa vidonge. Katika kidonge cha kliniki mna vitu viwili: madini ya chuma, na vitamini iitwayo foliki asidi. Chuma hicho kwa asili ni kile kile cha jembe, ila kimetengenezwa kwa namna ambayo tumbo laweza kukipokea. Mwili hukitumia kutengeneza damu. Mama mjamzito anatengeneza damu yake na ya mtoto pia, na ikiwa anaishi penye mbu wa malaria, kama palivyo penye majaruba ya mpunga ya Usangu, au ana minyoo ya safura, damu hupungua upesi zaidi. Atachoka, viganja vitapauka, pengine atatamani kula udongo. Siku ya kujifungua kila mama hutokwa na damu. Mwenye damu ya kutosha hustahimili. Mwenye damu kidogo aweza kufa kwa damu ambayo mwenzake angeipoteza akapona. Kwa hiyo yule dada akiacha vidonge kwa kuogopa mzio, anaikimbia hatari ndogo isiyo na hakika na kuikaribia kubwa iliyo dhahiri.

Foliki asidi ina habari yake. Daktari mmoja wa kike kutoka Uingereza, jina lake Lucy Wills, alikwenda Bombay, nchini India, mwishoni mwa miaka ya 1920. Huko aliwaona wanawake wajawazito maskini, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, ambao damu yao ilikuwa imepungua vibaya sana. Aliwapa rojo lililotengenezwa kwa hamira, wakapata nafuu. Aliandika habari hizo mwaka 1931. Baadaye wataalamu walikitambua kitu kilichokuwamo, na mwaka 1941 wakakipata katika majani ya mchicha wa Kizungu. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Basi mkipika mchicha, msiuchemshe mpaka ukapoteza nguvu yake yote. Maharage nayo yanayo foliki.

Vitamini hiyo pia huzuia mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Lakini uti wa mgongo hufungika ndani ya siku 28 za kwanza, kabla mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Ndiyo maana tangu mwaka 2011 Tanzania ina kanuni za kutia foliki asidi na chuma katika unga wa viwanda vikubwa. Unga wa mashine ya kijijini kwa kawaida hautiwi kitu. Anayetarajia kushika mimba na aulize kliniki mapema, asingoje mwezi wa nne.

Je, maneno ya mzio yalianzia wapi? Hayakuzuliwa yote. Mwaka 2009 watafiti wa Adelaide, nchini Australia, waliandika kwamba mama waliomeza foliki asidi katika miezi ya mwisho ya mimba walikuwa na watoto wenye pumu zaidi kidogo kuliko wengine. Watu wakashtuka. Lakini wataalamu wa nchi nyingine walipochunguza, majibu hayakulingana. Shirika la Afya Duniani halikubadili shauri lake: mama mjamzito ameze chuma na foliki asidi kila siku.

Wengine, kinyume chake, husema kuna vitamini za kuzuia mzio. Huko Marekani mama wajawazito walipewa vitamini D nyingi, wenzao wakapewa kidogo. Watoto walipofika miaka 3, waliokuwa na pumu au kifua cha mluzi walikuwa 24 katika kila 100 upande wa kwanza, na 30 upande wa pili. Tofauti hiyo ilitia matumaini, ila watoto walipofika miaka 6 haikuonekana tena. Kwa hiyo mtu akikuuzia chupa ya vitamini kwa bei kali, akisema mtoto wako hatapata mzio, zishike fedha zako.

Haina maana kwamba vitamini nyingine hazifai kitu. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2001, wanawake wajawazito 8,468 waliingia katika utafiti. Wote walipewa chuma na foliki asidi. Nusu yao wakaongezewa vitamini B, C na E. Katika kila watoto 1,000, waliozaliwa na uzito chini ya kilo mbili na nusu walikuwa 78 kwa walioongezewa, na 94 kwa wenzao. Hesabuni wenyewe: ni watoto 16. Faida hiyo ni ya uzito, si ya mzio.

Kwa upande wa mzio wenyewe, habari njema zimetoka kwenye karanga. Uingereza, mwaka 2015, ilionekana kwamba watoto wenye ukurutu au mzio wa yai, walioanza kula karanga kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hawakupata mzio wa karanga ila 3 katika 100. Walionyimwa mpaka miaka mitano walikuwa 17. Nasi tuna karanga. Mtoto anyonye tu mpaka miezi sita, kisha aonjeshwe uji wenye karanga zilizosagwa laini. Asipewe karanga nzima, itampalia. Zenye ukungu zitupwe, kwa ajili ya sumukuvu. Mwenye ukurutu mkali aonwe na mganga kwanza. Mtoto akivimba midomo au akishindwa kupumua baada ya kula, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali.

Na moshi wa jikoni? Huo huvidhuru vifua vya watoto wenye mzio na wasio nao. Toboeni dirisha.

Kidonge chaweza kutia kichefuchefu, na choo huwa cheusi, si ugonjwa. Kimezwe usiku baada ya chakula, kwa maji au pamoja na chungwa, wala si kwa chai, kwa maana chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Kikizidi kusumbua, mwambieni muuguzi.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja aandike mistari mitano: ni chakula gani mama wajawazito wa kwenu hukatazwa, na ni nani anayewakataza? Mwalimu wenu atazikusanya karatasi. Jioni njema.