Mng'ao wa jani unadanganya: kuchagua filta ya polaraiza ya kamera yako

Leo mbolea tunaiweka pembeni, tuongee kamera. Najua wengi wenu huku Songwe mnapiga picha za mazao kutafuta wateja, na mnanitumia mimi pia kuuliza magonjwa.

Msimu uliopita kijana mmoja wa Mbozi alinitumia WhatsApp picha za mibuni yake. Kapiga na kamera nzuri tu, ile anayofanyia kazi za harusi. Majani yanameta kama yamepakwa mafuta. Nikaona unjano kwa mbali, nikamjibu bila kusita: hiyo ni njaa ya lishe, ongeza mbolea. Wiki mbili baadaye nafika shambani, nageuza jani, chini kuna unga wa rangi ya chungwa. Kutu ya majani! Madoa yake ya juu yalikuwa yamemezwa na mng'ao. Majani yameshaanza kupukutika na hela ya mbolea imeshatoka. Kosa langu, sikumwambia ageuze jani.

Mwanga wa jua ukigonga jani laini, maji au kioo, sehemu kubwa ya ule unaorudi inakuwa imejipanga kuelekea upande mmoja. Filta ya polaraiza inaukata huo. Unaizungusha taratibu mbele ya lenzi huku unaangalia, mpaka weupe unapotea na rangi halisi ya jani inatokea. Ila usisimame wima juu ya jani, hapo haifanyi kitu. Inama, piga kwa mshazari. Na bati jipya la ghala usihangaike nalo, mng'ao wa chuma kitupu hauisikii filta hii.

Sasa kununua. Kwanza saizi. Mbele ya lenzi kuna alama ya duara lenye mstari, kisha namba kama 52, 58 au 67. Hizo ni milimita za mdomo wa lenzi, na filta lazima iwe na namba hiyohiyo. Kama una lenzi mbili, nunua filta ya ile kubwa halafu uweke ringi ya kuunganishia kwenye ndogo. Ringi ni bei rahisi kuliko filta ya pili.

Pili, tafuta iliyoandikwa CPL. Zote ni za duara kwa umbo, kwa hiyo macho hayatakusaidia. Za zamani zisizo CPL zinaweza kuchanganya kamera zenye kioo ndani, ikashindwa kulenga au kupima mwanga vizuri.

Muuzaji akikuapia kwamba ni yenyewe, mwombe kikokotoo chake. Hapa Tunduma duka gani halina kikokotoo? Shika filta, upande wa nyuzi za kufungia uelekee jichoni, angalia namba za kikokotoo huku unazungusha. Kioo kikigeuka cheusi halafu kikarudi, ni polaraiza kweli. Isipobadilika kabisa, umeuziwa kioo cha kawaida. Kisha igeuze, nyuzi zielekee kikokotoo, uzungushe tena. CPL safari hii haitafanya giza, itabadili rangi kidogo tu. Ikifanya giza pande zote mbili, ni ile ya zamani.

Ubaya wake ni kwamba inakula mwanga. Kamera inabaki na kama theluthi au robo ya mwanga wa mwanzo, kwa hiyo jioni au chini ya miti ya kivuli picha zitatikisika. Pandisha ISO, au ivue. Na ukipiga shamba zima kwa lenzi pana, anga litatoka na bluu nzito upande mmoja na hafifu upande mwingine. Kwa tangazo la kuuza mahindi inachekesha.

Tena inakoleza kijani. Kwa mteja ni sawa, kwa bwana shamba inaweza kupotosha. Mkinitumia picha za ugonjwa naomba tatu: moja yenye filta, moja bila filta, na moja ya mgongo wa jani.

Wenye simu tu, msikimbilie kununua. Simama upande ambao kofia yako inatupa kivuli kwenye jani, kisha piga. Yule kijana sasa anafanya hivyo, na kamera kaiacha kwenye harusi.